Kusinyaa kwa uke

Kusinyaa kwa uke ni hali ambamo kuta za uke huwa nyembamba, kavu na rahisi kuchubuka kwa sababu mwili wa mwanamke umepungukiwa na homoni ya estrojeni. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, lakini huweza kumpata pia mama anayenyonyesha, mwanamke aliyeondolewa ovari kwa upasuaji, au anayetibiwa saratani. Watu wengi huiita ukavu wa uke tu, ingawa ukavu ni dalili moja kati ya kadhaa. Hali hiyohiyo hugusa mrija wa mkojo na kibofu, na ndiyo maana baadhi ya wanawake huanza kulalamikia mkojo kabla ya kulalamikia uke.

Hali hii si ugonjwa wa zinaa, haiambukizi, wala haitokani na uchafu au mwenendo wa mwanamke. Inakadiriwa kwamba takriban nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupata dalili zake kwa kiwango fulani, na wengi wao hawamwelezi mhudumu yeyote wa afya. Joto la ghafla linalowasumbua wanawake wakati wa kukoma hedhi kwa kawaida hupungua baada ya miaka kadhaa. Kusinyaa kwa uke hakuishi kwenyewe: bila matibabu huendelea, na mara nyingi huongezeka kadiri umri unavyosogea. Hata hivyo ni mojawapo ya matatizo ya ukomohedhi yanayotibika kwa urahisi.

Jina

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliita hali hii kusinyaa kwa uke, au uvimbe wa uke wa uzeeni. Mwaka 2014 vyama viwili vya kitaalamu, kimojawapo kikiwa Chama cha Ukomohedhi cha Amerika Kaskazini, vilipendekeza jina jipya linaloweza kutafsiriwa kama "dalili za uke na mkojo za ukomohedhi". Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, jina la zamani halikutaja mkojo kabisa. Pili, wanawake wengi hawakupenda kuambiwa kwamba kiungo chao "kimesinyaa", na waganga wenyewe walisita kulitamka. Jina jipya ni sahihi zaidi, ila ni refu. Katika mazungumzo ya kawaida, hata ya kliniki, la zamani bado linatumika.

Jinsi inavyotokea

Ili kuelewa tatizo, inafaa kujua kwanza jinsi uke unavyofanya kazi wakati wa miaka ya uzazi. Ukuta wa uke umefunikwa na seli zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, mfano wa matofali. Chini yake kuna nyuzi za kolajeni zinazoupa uimara na uwezo wa kunyumbuka, pamoja na mishipa mingi midogo ya damu. Uke wenyewe hauna tezi. Unyevu wake hutokana hasa na maji yanayochujwa kutoka katika mishipa hiyo ya damu na kupenya ukutani, pamoja na ute wa mlango wa kizazi na wa tezi ndogo zilizoko kwenye mlango wa uke.

Estrojeni, inayotengenezwa hasa na ovari, ndiyo inayodumisha mpangilio huo wote. Inafanya tabaka za seli ziwe nyingi, inaongeza mtiririko wa damu, na inazijaza seli za juu aina ya wanga iitwayo glaikojeni. Seli hizo zinapokufa na kubanduka, glaikojeni yake huwa chakula cha bakteria wema wanaoitwa laktobasili, nao huigeuza kuwa asidi ya laktiki. Bakteria hao walielezwa na daktari Mjerumani Albert Döderlein mwaka 1892. Asidi yao huuweka uke katika pH ya kati ya 3.5 na 4.5, uchachu ambao vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kuuvumilia. Kwa maneno mengine, uke wenye afya hujilinda na kujisafisha.

Estrojeni ikishuka, mnyororo huo hukatika kiungo baada ya kiungo. Tabaka za seli hupungua hadi chache. Glaikojeni inakosekana, laktobasili wanapungua, asidi inapungua na pH hupanda, mara nyingi kupita 5. Bakteria wa utumbo mpana, ambao kabla ya hapo wasingeweza kuishi ukeni, sasa hupata nafasi. Damu inayofika ukutani ni kidogo, hivyo unyevu nao ni kidogo. Mikunjo ya asili ya ukuta, ambayo huuwezesha uke kutanuka, hulainika na kupotea. Kwa miaka mingi uke huweza kuwa mfupi na mwembamba kuliko zamani.

Mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu hutegemea homoni hiyohiyo. Uke na mrija wa mkojo ni majirani, na seli za vyote viwili zina vipokezi vya estrojeni. Kinachoupata uke huupata na mrija.

Dalili

Dalili ya kawaida ni hisia ya ukavu, ambayo wengine huielezea kama kukwaruzwa au kama vile kuna mchanga. Kuna pia kuwashwa na kuchomeka, hasa baada ya kukojoa au baada ya kutembea mwendo mrefu. Kujamiiana huuma: wengine huumia mwanzoni tu, wengine huendelea kusikia moto kwa saa kadhaa, na baadhi huona matone ya damu baadaye. Majimaji ya ukeni huweza kupungua, au kubadilika rangi na kuwa ya manjano kidogo.

Kwa upande wa mkojo, mwanamke hukojoa mara kwa mara, huamka usiku, hubanwa ghafla asiweze kungoja, au husikia maumivu anapokojoa. Wengine hupatwa na maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu, nne au zaidi kwa mwaka.

Si kila mwanamke hupata dalili zote, na si lazima awe anafanya ngono ndipo azipate. Hilo linahitaji kutajwa kwa sababu mjane au mwanamke asiye na mume akifika zahanati na malalamiko haya huweza kuambiwa hayamhusu. Kukaa juu ya kiti kigumu, kuendesha baiskeli, hata kuvaa nguo ya ndani ya kitambaa cha nailoni, vyote vyaweza kumsumbua mtu ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kiasi hicho.

Maumivu yenyewe huzaa tatizo la pili. Mwanamke aliyeumia mara kadhaa huanza kukaza misuli ya nyonga bila kukusudia, kwa kuogopa maumivu yajayo. Misuli iliyokazwa huongeza maumivu, na maumivu huongeza hofu. Mume asiyeelewa hudhani amechukiwa au kwamba mke ana mwingine. Kumlazimisha mwanamke katika hali hiyo kwa imani kwamba "atazoea" huchubua ukuta zaidi na kuuimarisha mzunguko huo wa hofu.

Wanaopatwa

Ukomohedhi wa kawaida hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa umetimia baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Dalili za uke huweza kuanza kabla ya hapo, wakati hedhi inaporukaruka, lakini kwa wengi hujitokeza miaka michache baadaye. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 58 hahusishi tatizo lake jipya na hedhi iliyokoma akiwa na 51.

Wapo wanaopata hali hii mapema na kwa ghafla. Mwanamke anayeondolewa ovari zote mbili huingia katika ukomohedhi siku hiyohiyo ya upasuaji, hata kama ana miaka 35. Dawa za kemikali za kutibu saratani huweza kuua kazi ya ovari. Dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, kama anastrozoli na letrozoli wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti, husababisha ukavu mkali kuliko ule wa ukomohedhi wa kawaida. Uvutaji wa sigara nao huchangia, kwani hupunguza estrojeni na mtiririko wa damu.

Mionzi ya nyonga inastahili kutajwa peke yake katika Afrika Mashariki, ambako saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi. Wagonjwa wengi hutibiwa kwa mionzi, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mionzi huzima ovari, na juu ya hayo huunguza ukuta wa uke wenyewe na kuacha makovu yanayoweza kuufunga. Kwa sababu hiyo wagonjwa hushauriwa kutumia vipanuzi vya uke, yaani vifaa laini vya mviringo vya ukubwa mbalimbali, baada ya vidonda vya mionzi kupona. Mwanamke ambaye hakuelezwa jambo hilo huweza kupona saratani na kubaki na uke usioweza hata kupimwa tena.

Kundi linalosahaulika zaidi ni la wanaonyonyesha. Homoni ya prolaktini inayoleta maziwa hushusha estrojeni, hivyo mama kijana wa miaka 22 huweza kuwa na uke mkavu kama wa mtu aliyekoma hedhi. Akirudiana na mumewe wiki chache baada ya kujifungua na kusikia maumivu makali, hudhani ameharibika wakati wa uzazi. Kwa kawaida hali hiyo huisha hedhi inaporudi au mtoto anapopunguza kunyonya. Kwa muda huo kilainishi kinatosha kwa wengi. Haihalalishi kumwachisha mtoto ziwa.

Kuchanganywa na maradhi mengine

Huenda madhara makubwa ya kusinyaa kwa uke katika nchi zetu hayatokani na hali yenyewe bali na kudhaniwa kuwa kitu kingine. Mwanamke anayewashwa hununua dawa ya fangasi dukani. Isipomsaidia, hununua nyingine. Anayeumia anapokojoa hupewa antibiotiki kwa ajili ya kile kinachojulikana mitaani kama UTI, mara nyingi bila mkojo kupimwa, na akirudi mwezi unaofuata hupewa antibiotiki yenye nguvu zaidi. Antibiotiki hizo huwaua hata laktobasili wachache waliobaki, kwa hiyo hali huwa mbaya kuliko mwanzo, na vijidudu hujifunza kuhimili dawa.

Fangasi wa ukeni hupenda mazingira yenye estrojeni na glaikojeni. Mwanamke aliyekoma hedhi muda mrefu, asiye na kisukari na asiyetumia homoni, hapati fangasi kirahisi. Akiwashwa, kusinyaa kwa uke kunapaswa kufikiriwa kwanza. Akipata fangasi wa kurudiarudia apimwe sukari.

Maradhi mengine ya kutofautisha ni trikomona na magonjwa mengine ya zinaa, ambayo hayana umri. Mzio wa sabuni, pedi au manukato. Na ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi, ambao hufanya ngozi ya nje kuwa nyeupe kama karatasi na kuwashwa sana usiku. Huo wa mwisho hutibiwa kwa krimu ya steroidi na huhitaji kufuatiliwa, kwa kuwa mara chache hugeuka saratani.

Kuhusu mkojo, kuonekana kwa bakteria katika kipimo cha mwanamke mzee asiye na dalili yoyote si ugonjwa na hakuhitaji dawa. Mwenye dalili zinazojirudia anafaa kuoteshwa mkojo maabara ili ijulikane kama kuna maambukizi kweli na dawa ipi inafaa. Lakini hata maambukizi yakithibitishwa, kuyatibu bila kuutibu uke ni sawa na kufagia maji huku bomba likivuja. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa Raz na Stamm uliohusisha wanawake 93 waliokoma hedhi na waliokuwa wakiugua maambukizi ya mkojo mara kwa mara. Nusu hivi walipewa krimu ya estrioli ya kupaka ukeni, wengine krimu isiyo na dawa. Waliopata estrioli waliugua kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka. Wale wengine mara 5.9. pH ya uke ilishuka, na laktobasili wakarudi kwa wengi wao baada ya mwezi mmoja tu.

Damu baada ya hedhi kukoma

Damu yoyote inayotoka ukeni baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja, hata ikitokea mara moja tu baada ya kujamiiana, inapaswa kuchunguzwa. Sababu ya kawaida ni kusinyaa kwenyewe, maana ukuta mwembamba huchubuka upesi. Lakini takriban mwanamke 1 kati ya 10 wanaokwenda hospitali kwa damu ya aina hii hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi, na wengine hukutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kwa macho matupu hakuna anayeweza kutofautisha damu hizo. Uamuzi kwamba "ni ukavu tu" hutolewa baada ya uchunguzi, si kabla yake, na mwanamke ana haki ya kuudai.

Uchunguzi

Mara nyingi maelezo ya mgonjwa na kuangaliwa kwa makini vinatosha. Ukuta wa uke huonekana umepauka, laini, bila mikunjo, pengine na vidoa vyekundu vya damu. Karatasi ya kupima pH ikionyesha zaidi ya 5, bila dalili ya maambukizi mengine, huunga mkono utambuzi. Kupima homoni katika damu hakuhitajiki kwa mwanamke ambaye umri na hedhi vimeshaeleza, ingawa maabara nyingi za kulipia hufurahi kukifanya kipimo hicho.

Kipimo cha mlango wa kizazi kina ugumu wake. Njia ya kupaka siki, iliyoenea Tanzania na Kenya kwa kuwa ni rahisi na jibu hupatikana papo hapo, haiwafai wanawake waliokoma hedhi: sehemu ya mlango inayopaswa kuonekana hurudi ndani ambako jicho halifiki. Kwao kipimo cha virusi vya HPV ni bora, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani imekubali mwanamke kujichukulia sampuli mwenyewe kwa pamba maalumu. Pale ambapo ni lazima kutumia kifaa cha kufungulia uke, chembamba na kilicholainishwa hupunguza maumivu. Dawa ya estrojeni ya ukeni ikitumiwa kwa wiki chache kabla ya kipimo husaidia pia.

Matibabu bila homoni

Hatua ya kwanza haina gharama: kuacha kinachodhuru. Sabuni, dettol, maji ya chumvi, ndimu, manukato na mvuke wa dawa havina kazi ndani ya uke. Maji safi kwa sehemu ya nje yanatosha, pamoja na kutawadha kwa wale ambao dini inawaagiza.

Baada ya hapo kuna bidhaa za aina mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Kilainishi hutumiwa wakati wa kujamiiana tu, kupunguza msuguano, na kazi yake huisha hapohapo. Jeli ya unyevu hutiwa ukeni kila baada ya siku mbili au tatu, iwe mwanamke anakutana na mwenzi au la. Hushikamana na ukuta na kuubakisha na maji. Mwenye dalili za kila siku anahitaji hiyo ya pili.

Vilainishi vya maji ni salama kwa kondomu lakini hukauka upesi. Vya silikoni hudumu zaidi na ni salama pia kwa kondomu. Mafuta ya aina yoyote, yawe ya nazi, ya kula, au mafuta ya mgando kama Vaseline, hudhoofisha kondomu za mpira hadi zikapasuka. Mafuta ya mgando yana kasoro nyingine: wanawake wanaoyatia ndani ya uke wameonekana kupata zaidi maambukizi ya bakteria. Mafuta ya nazi hupendwa sana Pwani, na wanandoa wasiotumia kondomu huyaona yanafaa, lakini hayalirudishi tabaka lililopotea.

Ubora wa vilainishi vyenyewe hutofautiana. Ushauri uliotolewa mwaka 2012 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake unasema kilainishi cha ukeni kiwe na pH ya karibu 4.5 na kisizidi osmolaliti ya 1,200. Chenye osmolaliti kupita hapo hunyonya maji kutoka katika seli, na hivyo kukausha kile kilichokusudiwa kulainishwa. Vinavyopasha joto, vyenye ladha au harufu ni vya kuepukwa.

Bidhaa hizi zisidharauliwe. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018, wanawake 302 walitumia kwa wiki 12 ama kidonge cha estrojeni ukeni, ama jeli ya unyevu, ama dawa bandia, na nafuu ya usumbufu wao ilikaribiana katika makundi yote matatu. Hiyo haina maana kwamba estrojeni ni bure, kwani maambukizi ya mkojo na pH hayatengenezwi na jeli peke yake. Ina maana kwamba mwenye dalili nyepesi anaweza kuanza na kilicho rahisi.

Estrojeni ya ukeni

Pale ambapo unyevu hautoshi, au mkojo unasumbua, tiba yenye nguvu ni kurudisha estrojeni kidogo mahali ilipokosekana. Hupatikana kama krimu, kidonge kidogo cha kuingiza ukeni, au pete laini inayokaa ndani kwa siku 90. Utaratibu wa kawaida wa kidonge au krimu ni kutumia kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Nafuu huanza baada ya wiki chache na hukamilika karibu na wiki ya 12. Kwa kuwa chanzo cha tatizo hakiondoki, dalili hurudi dawa ikiachwa.

Hesabu ndogo husaidia kuona kiasi kinachozungumziwa. Kidonge cha kawaida cha ukeni kina mikrogramu 10 za estradioli. Kwa mwaka wa kwanza mwanamke hutumia vidonge 14 vya mwanzo na vingine 100 hivi vya baadaye, jumla mikrogramu 1,140, yaani miligramu 1.14. Kiasi hicho cha mwaka mzima kinakaribia kidonge kimoja tu cha miligramu 1 kinachomezwa kila siku na mwenye joto la ghafla. Kinachoingia katika damu ni kidogo sana, na kwa sababu hiyo dozi hii ndogo haihitaji kuambatana na projesteroni ya kulinda mfuko wa uzazi.

Pamoja na hayo, wanawake wengi huikataa wakisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Asili ya hofu hiyo inajulikana. Julai 2002 nchini Marekani lilisimamishwa jaribio kubwa la wanawake 16,608 waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na projestini au dawa bandia. Waliomeza homoni walikuwa wamezidi kidogo kwa saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Kwa saratani ya matiti ongezeko lilikuwa kama wanawake 8 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Onyo zito likaandikwa kwenye dawa zote za estrojeni, zikiwemo zile za ukeni ambazo hazikuwa sehemu ya jaribio hilo hata kidogo. Takwimu za ufuatiliaji zilizochapishwa 2018 hazikuonyesha ongezeko la saratani wala la ugonjwa wa moyo kwa watumiaji wa estrojeni ya ukeni. Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuliondoa onyo hilo. Maboksi ya zamani yatabaki madukani kwa muda, na pamoja nayo hofu.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti yuko katika hali tofauti. Kwake jeli na vilainishi hutangulia. Vikishindwa, uamuzi kuhusu estrojeni ya ukeni hufanywa pamoja na daktari wake wa saratani, kwa tahadhari zaidi iwapo anatumia anastrozoli au letrozoli, kwa sababu dawa hizo zinalenga kuishusha estrojeni hadi karibu na sifuri.

Tiba nyingine

Prasteroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, huwekwa ukeni na kugeuzwa homoni ndani ya seli zenyewe. Ospemifeni, iliyoidhinishwa 2013, ni kidonge cha kumeza. Zote mbili ni ghali. Mazoezi ya misuli ya nyonga chini ya mtaalamu wa fiziotherapia huwafaa waliojenga tabia ya kukaza. Wao hujifunza kulegeza kwanza, si kukaza zaidi.

Mionzi ya leza ya kuchochea ukuta wa uke imetangazwa kwa nguvu, mara nyingine kwa jina la "kurudisha ujana". Mwaka 2018 mamlaka ya Marekani ilionya juu ya matangazo hayo baada ya taarifa za kuungua na makovu. Jaribio la Australia la wanawake 85, lililochapishwa 2021, lililinganisha leza na leza ya kuigiza, na baada ya miezi 12 halikuona tofauti.

Desturi na ukimya

Pwani ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa kumfunda msichana: somo au kungwi humweleza mwari juu ya hedhi, usafi na mambo ya ndoa, kwa maneno ya wazi ambayo mama mzazi asingeyatamka. Hakuna kungwi wa kumpokea mwanamke upande wa pili, hedhi inapokoma. Anayejua zaidi yuko kimya, na binti yake atajua akifika huko.

Namna jamii inavyotazama unyevu hubadilisha pia uzito wa tatizo. Nchini Rwanda, na magharibi mwa Uganda inakojulikana kama kachabali, wingi wa majimaji ya mwanamke huhesabiwa kuwa fahari ya ndoa, na anayekauka huweza kuona amepoteza hadhi. Kwingineko mambo ni kinyume. Katika sehemu za Zambia, Zimbabwe na Msumbiji watafiti wameandika juu ya wanawake wanaojikausha kwa mitishamba, vitambaa au unga ili kumridhisha mume anayependa uke mkavu na wa kubana. Na shabu hutumika kwa kazi hiyohiyo katika maeneo mengi ya Pwani. Kwa mwanamke kijana vitu hivyo huleta michubuko inayorahisisha maambukizi ya zinaa. Kwa aliyekoma hedhi, ambaye ukuta wake umebaki na tabaka chache za seli, shabu huunguza kabisa. Mwenye kidonda cha aina hiyo huhitaji kuonwa na mhudumu wa afya, na dawa ya estrojeni haianzwi mpaka ijulikane kilichotiwa ukeni na kidonda kipone.